Namna ya Kuandika Wasifu wa Mchoraji Mwanamke Mhamaji: Mfano wa Irma Stern

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwanafunzi, mwalimu au mpenzi wa sanaa anayetaka kuandika kwa Kiswahili wasifu wa mchoraji aliyeishi kati ya nchi na nchi. Mfano niliouchagua ni Irma Stern, aliyezaliwa Transvaal, katika Afrika Kusini ya leo, tarehe 2 Oktoba 1894, akasomea uchoraji Ujerumani, akahamia Cape Town mwaka 1920, kisha akaja Unguja mara mbili, mwaka 1939 na mwaka 1945, kuchora watu ambao huenda wajukuu wao bado wanaishi Mji Mkongwe. Habari zake nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza na Kijerumani, na walioziandika waliijua Berlin na Cape Town vizuri zaidi kuliko walivyoijua Unguja. Hapo ndipo mwandishi wa Kiswahili anapopata kazi yake. Yeye anaweza kuitazama picha ya mzee aliyevaa joho na kilemba akaona mambo ambayo mhakiki wa Ulaya ameyapita kama mapambo tu ya nchi za mbali.

Jedwali la safari kwanza

Wasifu wa mchoraji aliyekaa mji mmoja maisha yake yote unaweza kupangwa kwa kufuata picha zake peke yake. Wasifu wa mhamaji haukubali mpango huo, kwa sababu kila alipohama alibadilisha watu wa kuchora, mwanga wa kuchorea, wanunuzi, na mara nyingine hata lugha ya kuzungumza na wale waliokaa mbele yake. Kwa hiyo, kabla hujaandika sentensi ya kwanza, tengeneza jedwali lenye safu nne: mwaka, mahali, sababu ya kuhama, na picha moja au mbili za wakati huo ambazo umezitazama wewe mwenyewe, hata kama ni kitabuni au kwenye skrini. Safu ya sababu ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo itakayoitofautisha kazi yako na ya mtu anayenakili tarehe.

Kwa Irma Stern, mistari ya mwanzo ya jedwali haina sanaa ndani yake. Wazazi wake, Samuel na Henny Stern, walikuwa Wayahudi wa Kijerumani waliofika Transvaal kutafuta maisha, na binti yao alizaliwa katika mji mdogo wa Schweizer-Reneke. Vita kati ya Makaburu na Waingereza vilizuka mwaka 1899, na katika vita hivyo Waingereza walimweka baba yake kizuizini. Mama akawachukua Irma na ndugu yake Rudi hadi Cape Town, na baba alipoachiwa familia ikarudi Ujerumani mwaka 1901. Baada ya hapo utoto wake ukawa wa kwenda na kurudi kwa meli. Mwaka 1913 aliingia chuo cha sanaa cha Weimar, mwaka uliofuata akaenda Berlin kwenye studio ya Levin-Funcke, na mara Vita Kuu ya Kwanza ikaziba njia ya bahari. Ni mwaka 1920 ndipo familia iliporejea Cape Town.

Ukiisoma safu ya sababu kutoka juu hadi chini utaona neno moja likijirudia, nalo ni vita. Hilo lieleze wazi kwenye wasifu wako. Ukiandika kwamba alisafiri sana kwa kuwa alipenda kusafiri, utakuwa umemnyang'anya msomaji nusu ya maelezo, maana hata safari alizozichagua mwenyewe baadaye zilikuwa na mlango uliofungwa nyuma yake: tangu Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933 hadi walipoanguka mwaka 1945 hakutaka kukanyaga Ujerumani, nchi iliyomfunza na kumnunulia picha za kwanza. Ndipo akaelekeza uso wake Afrika, akaenda Dakar mwaka 1937 na 1938, Unguja mwaka 1939, Kongo mwaka 1942, Unguja tena mwaka 1945, na Kongo tena mwaka 1946 na 1955.

Majina ya nchi yaandikwe kama yalivyokuwa wakati ule. Mwaka 1894 Transvaal ilikuwa jamhuri ya Makaburu, na Muungano wa Afrika Kusini ulikuja kuundwa mwaka 1910. Unguja aliyoiona ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza, Sultani Khalifa bin Harub akiwa kwenye kiti. Kongo ilikuwa koloni la Ubelgiji. Msomaji akielezwa hayo mapema ataelewa ni kwa namna gani mwanamke wa kizungu mwenye masanduku ya rangi aliweza kupita mipaka mingi hivyo, kwa urahisi ambao wengi wa watu aliowachora hawakuwa nao.

Mwishoni mwa hatua hii amua kama utamwita mhamaji au mwenyeji aliyerudi kwao. Wapo wanaomhesabu kuwa mzaliwa wa Afrika Kusini na kuishia hapo. Kwa maoni yangu, mtu aliyeshuka Cape Town akiwa amekulia katika nyumba ya Kijerumani, ni Myahudi, amefunzwa Berlin, na ameingia katika dola la Waingereza miaka miwili tu baada ya vita vyao na Ujerumani, ameingia kama mgeni hata kama cheti chake cha kuzaliwa kilitoka nchi hiyo hiyo. Ukichagua upande huo, kama nilivyochagua mimi, utoe sababu zako kwenye wasifu wenyewe.

Itafute picha iliyomgeuza

Wachoraji wengi wa usasa wana picha moja ambayo kabla yake walikuwa wanafunzi na baada yake walikuwa wao wenyewe. Kwa Irma Stern ni "Das ewige Kind", yaani Mtoto wa Milele, aliyoichora Berlin mwaka 1916. Ni msichana mdogo aliyedhoofu, mwenye maua mkononi, aliyechorwa wakati vita vilipokuwa vimeuletea mji njaa. Mwalimu wake, Martin Brandenburg, hakuipenda kabisa, na mwanafunzi akaachana naye. Muda si mrefu akakutana na Max Pechstein, mmoja wa wachoraji mashuhuri wa ekspreshonisti wa Kijerumani, ambaye aliikubali kazi yake na kumfungulia njia. Mwaka 1918 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Novembergruppe, kundi la wasanii lililojipa jina la mapinduzi ya Ujerumani ya Novemba mwaka huo, na mwaka 1919 akafanya maonyesho yake ya kwanza Berlin katika galari ya Fritz Gurlitt.

Unapoandika sehemu kama hii, eleza kwanza kinachoonekana kwenye turubai, ndipo utaje jina la mtindo. Mwambie msomaji kwamba mchoraji ameacha kuufuata mwili kama jicho linavyouona, kwamba amerefusha shingo, amekuza macho, ameweka rangi ya manjano au kijani pale ambapo ngozi haina rangi hiyo, na kwamba amefanya hivyo ili hisia itangulie kabla ya ufanano. Baada ya hapo sema kwamba wachoraji wa namna hiyo ndio walioitwa waekspreshonisti. Msomaji aliyeanza na jina tupu hubaki na jina tupu.

Kuna jambo la Pechstein ambalo waandishi wengi hulitaja haraka wakalipita, nami ningekushauri ulipe nafasi. Mwaka 1914 Pechstein alikwenda visiwa vya Palau, ambavyo wakati ule vilikuwa koloni la Ujerumani katika bahari ya Pasifiki, akitafuta watu aliodhani wanaishi katika bustani ya amani mbali na viwanda na mizinga. Irma Stern alipotoka Berlin kwenda Cape Town alibeba ndoto ya aina hiyo hiyo. Alitarajia Afrika iwe peponi, na alipoona watu wa mashambani wamevaa nguo za dukani na kwenda shule za misheni, alilalamika hadharani kana kwamba wamemnyima kitu. Kwa hiyo Afrika ya picha zake za miaka ya 1920, yenye wasichana watulivu kati ya majani mapana na matunda, kwa sehemu kubwa ilibuniwa Berlin kabla hajaiona tena. Liandike hilo bila kumkaripia na bila kumtetea, kwa sababu bila hilo msomaji hatafahamu ni kitu gani kilibadilika alipofika Unguja.

Kusimulia mapokezi mabaya

Maonyesho yake ya kwanza Cape Town yalifanyika mwaka 1922. Gazeti moja la mjini liliweka kichwa cha habari kilichosema kwamba ubaya umefanywa ibada, na polisi walifika kuchunguza malalamiko kwamba picha hizo zinavunja maadili. Kisa hiki kinavutia, na hatari yake ni kukigeuza kuwa hadithi ya wajinga wa zamani waliomkataa shujaa ambaye baadaye aliwashinda. Badala yake, eleza mji huo ulikuwa umezoea kununua nini: mandhari za mlima na bahari zilizochorwa kwa upole wa Kiingereza, na picha za maua za kutundika sebuleni. Wanunuzi hao walikutana na rangi nzito, miili mikubwa ya watu weusi iliyojaza turubai nzima, na sahihi ya mwanamke mwenye jina la Kijerumani. Mambo yote matatu yaliwakera, na ni vigumu kusema ni lipi liliwakera zaidi.

Weka pia upande wa pili wa mizani. Ulaya iliendelea kumtambua: mwaka 1927 alipata tuzo katika maonyesho ya kimataifa ya Bordeaux, na mwaka huo huo mhakiki Max Osborn alichapisha Ujerumani kitabu kifupi juu yake. Kwa miaka kadhaa sifa yake ilikuwa Kaskazini na makazi yake Kusini. Baadaye mambo yakageuka kwa ukatili, kwani mwaka 1937 serikali ya Kinazi ilifanya maonyesho Munich ya kudhihaki sanaa ya usasa, na kazi za Pechstein zikawa miongoni mwa zilizotundikwa pale ili zichekwe. Nchi iliyomlea Irma Stern kisanaa ilikuwa imeikana sanaa ya aina yake, na mji uliomdhihaki mwaka 1922 ndio ukawa nyumbani kwake.

Unguja: hapa usiharakishe

Sehemu hii ndiyo ningeipa kurasa nyingi kuliko zote. Picha za Unguja za mwaka 1939 na 1945 huhesabiwa na wahakiki kuwa kilele cha kazi yake, na ukizilinganisha na za miaka ya 1920 utaona sababu. Watu wa peponi wameondoka. Badala yao wapo wazee waliochoka, wenye mikunjo, wanaotazama upande au chini, kila mmoja akiwa na mawazo yake. Rangi ya mafuta imepakwa nene kiasi kwamba alama za brashi zinaonekana kama matuta, na turubai imejazwa na sura na mabega bila nafasi ya kumtoroka mtu aliyeketi. Mchoraji aliyekuja kutafuta uzuri wa kale alikuta mji wa watu wenye historia yao, wanaosoma, wanaofanya biashara, wanaoswali, ambao hawakuwa wamekaa wakimngoja.

Anza kwa kuisoma picha yenyewe. Irma Stern alizoea kutia sahihi na mwaka pembeni mwa turubai, mara nyingi juu, kwa hiyo ushahidi wako wa kwanza upo mbele ya macho. Mwaka 1939 na mwaka 1945 ni ziara mbili tofauti, ya kwanza vita vikiwa vinakaribia au vimeanza na ya pili vikiwa vinaisha, na usizichanganye. Kisha tazama mavazi. Kilemba kimefungwa namna gani, na kitambaa chake ni cha aina gani? Ni kanzu peke yake, au juu yake kuna joho lenye tarizi ya dhahabu? Kofia ni ya viua iliyoshonwa kwa mkono? Je, kuna jambia kiunoni, na kama lipo, mtu huyo amevaa kwa ajili ya shughuli au kwa siku ya kawaida? Mambo haya mhakiki wa London huyataja kwa pamoja kama vazi la Kiarabu, lakini msomaji wa Unguja, Mombasa au Maskati anajua kwamba kila moja linasema jambo juu ya cheo, umri na ukoo. Ili usitegemee kumbukumbu yako peke yako, linganisha na picha za kamera za wakati huo. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, iliyofunguliwa mwaka 1930, iliwapiga picha Waunguja wa kila tabaka, na picha zake ni kipimo kizuri cha namna watu walivyovaa kwa kweli.

Baada ya mavazi, tazama fremu. Picha nyingi za Unguja zina fremu za mbao za nakshi, na mbao hizo zilitoka kwenye miimo ya milango ya zamani ya Unguja ambayo Irma Stern aliinunua na kuifanya fremu. Simama hapo. Mwimo wa mlango wa Unguja ni kazi ya fundi wa nakshi: mnyororo unaopanda kutoka chini, maua ya yungiyungi, mawimbi, majani yanayofuatana bila kukatika hadi kwenye kizingiti cha juu. Katika fremu, mnyororo huo umekatwa pembeni kwa msumeno ili ulingane na turubai. Kuna uzuri mkubwa katika kumweka mzee wa Unguja ndani ya mbao za mlango wa Unguja, na kuna hasara pia, kwa kuwa kila fremu ni mlango wa nyumba fulani ambao haupo tena mahali pake. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na milango ni sehemu kubwa ya sababu ya watu kuutembelea. Wasifu ulioandikwa kwa Kiswahili hauna budi kueleza yote mawili, na unapotaja picha taja na fremu yake, maana huyo fundi asiyetajwa jina alishiriki kazi hiyo.

Majina ya picha yanataka uangalifu wa pekee. Ziko "Two Arabs" na "Arab in Black", zote za mwaka 1939, "Arab Priest" ya mwaka 1945, na "Bahora Girl" ya mwaka huo huo, ambayo ni ya msichana wa Kibohora, jamii ya Waislamu wa Kishia wenye asili ya Uhindi. Hakuna hata moja kati ya hizi yenye jina la mtu. Uislamu hauna makuhani, kwa hiyo "Arab Priest" inamtambulisha mzee huyo kwa cheo ambacho katika dini yake hakipo. Angeweza kuwa sheikh, mwalimu wa madrasa, kadhi au mfanyabiashara mcha Mungu. Hata Uarabu wenyewe usiuchukue kama ulivyoandikwa, kwani serikali ya wakati ule iliwahesabu watu wa Unguja kwa asili zao, na mtu mmoja aliweza kuwa Mwarabu mbele ya karani na Mswahili barazani kwake. Liache jina la picha kama lilivyo, kwa sababu ndilo litakalomwezesha msomaji kuitafuta, lakini katika maelezo yako sema unachokiona na usikirudie cheo hicho kana kwamba kimethibitishwa.

Ukitaka kuwatafuta watu waliochorwa, kazi hiyo inawezekana na ina thamani. Magazeti ya Unguja ya wakati huo, kama vile Samachar, Al-Falaq, na Mwongozi lililoanza mwaka 1942, yanastahili kupekuliwa kwa ajili ya habari za wageni na meli, na Nyaraka za Zanzibar zilizoko Kilimani ni mahali pa kuanzia. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, familia nyingi zenye asili ya Oman ziliondoka, na leo Maskati kuna watu wengi wanaozungumza Kiswahili cha Unguja majumbani mwao. Wajukuu wa watu hao waliochorwa wanaweza kuwa huko kama wanavyoweza kuwa Malindi au Shangani, mitaa ya Mji Mkongwe.

Unapomwendea mzee kumwonyesha picha, msalimie, kaa, nywa kahawa uliyopewa, na usianze kwa kumuuliza "huyu ni nani?" Mtu mwenye adabu akiulizwa hivyo na mgeni aliyetoka mbali huona vibaya kumwacha mikono mitupu, naye atakupa jina. Mwulize kwanza kuhusu nguo, kilemba, namna ya kukaa, na nani walikuwa wakivaa vile. Jina likija lenyewe katikati ya mazungumzo, liandike pamoja na jina la ukoo na mtaa, kisha umwonyeshe mtu wa pili picha hiyo bila kumwambia alichosema wa kwanza. Majina mawili yanayolingana kutoka kwa watu wasiojuana ni mwanzo wa ushahidi. Jina moja ni fununu, na liandikwe kuwa ni fununu.

Usisahau kwamba jinsia yake ilimfungulia milango ya ndani. Mwanamume mgeni asingekaribishwa kukaa saa nyingi akimtazama msichana wa Kibohora, na kwa sababu hiyo picha za wanawake alizochora Unguja zina thamani ya pekee kuliko za wazee wa kiume, ambao mchoraji yeyote angewakuta barazani. Alizieleza pia safari hizi kwa maneno: alichapisha kitabu chake "Congo" mwaka 1943 na "Zanzibar" mwaka 1948, vyote vikiwa na michoro yake. Ni ushahidi wa mtu aliyekuwepo, na vimejaa pia mshangao wa mgeni anayeiona ndoto yake kila kona. Visome ukiwa na penseli mkononi, ukitenga alichokiona na alichotamani kukiona. Sehemu ya Kongo naipita haraka, kwa kuwa inahitaji mwandishi anayeijua Kongo ya mashariki na Rwanda kwa karibu. Msomaji wa Bukavu au Goma anaweza kuzifanyia picha hizo kazi ile ile niliyoieleza kwa Unguja.

Ndoa, nyumba na marafiki

Waandishi wa habari za wanawake wasanii hupenda kuanza na mwili na mapenzi. Juu ya Irma Stern yameandikwa maneno mengi mno kuhusu unene wake na upweke wake, na mengi kati yake hayaielezi hata picha moja. Mwaka 1926 aliolewa na Johannes Prinz, aliyekuwa profesa wa Kijerumani katika Chuo Kikuu cha Cape Town, na wakaachana mwaka 1934. Sentensi moja inatosha, isipokuwa kama una barua au picha inayoonyesha kwamba ndoa hiyo ilibadilisha kazi yake.

Nyumba ina mengi ya kusema kuliko ndoa. Mwaka 1927 alihamia nyumba iitwayo The Firs, mtaa wa Rosebank, Cape Town, akaishi humo hadi kifo chake tarehe 23 Agosti 1966. Baadaye ikafanywa jumba la makumbusho lenye jina lake. Humo alipaka rangi milango na makabati, akaweka milango ya nakshi ya Unguja, vinyago vya Kongo, na kigoda cha Waluba wa Kongo kilichochongwa na fundi anayejulikana kwa jina la Bwana wa Buli. Mhamaji hujenga nyumbani kwake kwa vitu alivyovibeba, na orodha ya vitu hivyo, ikielezwa vilipatikana vipi na kwa uwezo wa nani, ni sura nzima ya wasifu. Barua zake kwa rafiki yake Freda Feldman wa Johannesburg nazo zinafaa kusomwa, kwa sababu humo anazungumza habari za kazi, fedha na uchovu wa safari bila kujipamba.

Bei za mnadani zina mahali pake

Utakutana na bei kabla ya kukutana na picha. "Bahora Girl" iliuzwa London mwaka 2010 kwa zaidi ya pauni milioni 2, na "Arab Priest" mwezi Machi 2011 kwa zaidi ya pauni milioni 3, ikanunuliwa na mamlaka ya makumbusho ya Qatar. Zitaje bei hizo mahali pamoja, kuelekea mwisho, na uulize kilichosababisha. Mzee wa Unguja aliyechorwa na mwanamke wa Kijerumani wa Cape Town amefika Ghuba ya Uarabuni, karibu na alikotoka huenda babu yake, na katika safari yote hiyo jina lake halikusafiri naye.

Kisa cha "Arab in Black" kina uzito zaidi ya bei yake. Picha hiyo ilitolewa miaka ya 1950 ipigwe mnada ili kuchangia gharama za utetezi katika kesi ya uhaini iliyoanza mwaka 1956, ambapo washitakiwa 156, akiwamo Nelson Mandela, walishitakiwa Afrika Kusini. Mwaka 2015 ilikutwa London, jikoni, ikitumiwa kama ubao wa kubandikia karatasi, na ikauzwa kwa zaidi ya pauni 800,000. Irma Stern mwenyewe hakuwa mtu wa siasa, na ungekuwa uongo kumfanya mpigania uhuru kwa sababu ya mnada huo. Mwandishi afuate njia ya picha na njia ya mchoraji kila moja kwa nafasi yake.

Kuweka picha kwenye maandishi yako

Wasifu wa mchoraji usio na picha humchosha msomaji, kwa hiyo hakikisha mapema unaruhusiwa kuzitumia. Sheria ya Afrika Kusini hulinda kazi ya sanaa kwa miaka 50 baada ya mwaka wa kifo cha msanii, muda ambao kwa Irma Stern uliisha mwishoni mwa mwaka 2016. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya hulinda kwa miaka 70, maana yake hadi mwisho wa mwaka 2036. Angalia pia sheria ya nchi utakakochapishia, na kumbuka kwamba mtu aliyeipiga picha ya kamera hiyo turubai au fremu anaweza kuwa na haki yake mwenyewe. Makumbusho na nyumba za minada hujibu maombi ya ruhusa yaliyoandikwa kwa adabu na kutaja ukubwa na matumizi.

Chini ya kila picha andika jina lake la asili, mwaka uliotiwa kwenye turubai, aina ya rangi, vipimo, mahali ilipo au ilipouzwa mara ya mwisho, na kama fremu ni ya mbao za Unguja. Kisha ongeza mstari mmoja ambao orodha za minada hazina: mtu aliyechorwa. Pale ambapo jina halijapatikana andika kwamba halijapatikana, taja mavazi na makadirio ya umri, na acha anwani yako ya barua pepe hapo hapo, ili mjukuu atakayemtambua babu yake ajue pa kuandikia.